Maswali Yenu ya Muziki: Nyimbo za Zamani na Ngoma za Kompyuta

Mwezi uliopita tuligusia kidogo, katika kona hii, desturi ya kuchukua nyimbo zilizovuma zamani katika disko na redioni na kuzitia ngoma mpya za kompyuta. Barua zilizotufikia kutoka Unguja na Pemba ni nyingi kuliko tulivyotarajia, nasi tumechagua tano. Majina tumeyaondoa na kuacha mitaa peke yake, kwa sababu baadhi ya walioandika wanawazungumzia jamaa zao.

Assalaamu alaykum. Mimi ni mtu mzima, nakaa Mkunazini. Katika ujana wangu nilikuwa na kaseti nyingi za Boney M. na Gloria Gaynor, na nazikumbuka mpaka pumzi za waimbaji. Sasa mjukuu wangu ananipigia nyimbo zile zile kwenye simu, lakini ngoma inatwanga tangu mwanzo hadi mwisho na maneno yamebaki mistari miwili. Nikimwambia kwamba hicho ni kiporo kilichotiwa pilipili, hunijibu kuwa hiyo ndiyo rimiksi na kwamba hata kaseti zangu zilijaa mambo hayo hayo. Nani kati yetu anasema kweli?

Wa alaykum salaam, mzee wetu. Tunasikitika kukuarifu kwamba mjukuu ameshinda nusu ya kesi, na ameishinda kwa ushahidi uliomo ndani ya kaseti zako mwenyewe.

Tuanze na hao Boney M. Kundi hilo lililoundwa Ujerumani na mtayarishaji Frank Farian liliishi kwa sehemu kubwa juu ya nyimbo za watu wengine zilizovalishwa ngoma ya disko. Mwaka 1981 waliitoa "Malaika", wimbo ambao sisi huku tuliujua kabla hawajaujua wao; na mwaka 1983 wakaipiga upya "Jambo Bwana", iliyokuwa imetolewa mwaka mmoja tu nyuma, 1982, na Them Mushrooms wa Kenya. Ukiwa uliicheza "Jambo" ya Boney M. ukadhani ni mali yao, basi ulikuwa ukila kiporo bila ya kujua, na pengine ulikiona kitamu.

Ama Gloria Gaynor, yeye ndiye aliyekuwapo mlangoni wakati mtindo huu unaingia ndani. Huko New York kulikuwa na bwana mmoja, Tom Moulton, aliyetambua kwamba wachezaji walikuwa wakiondoka uwanjani si kwa kuchoka bali kwa sababu nyimbo zilikuwa zikimalizika baada ya dakika tatu, wakati miili ndiyo kwanza imeanza kupata moto. Akaanza kurefusha nyimbo kwa kukata na kuunganisha utepe, na katika albamu ya Gaynor ya 1975 akaziunganisha nyimbo tatu upande mzima wa santuri bila ya kituo hata kimoja. Kutokana na kazi yake ikazaliwa santuri ya inchi 12 yenye wimbo mmoja kila upande. Kwa kuwa nafasi ilikuwa kubwa, mistari iliyochongwa juu yake iliweza kuwa mipana, na mistari mipana hubeba besi nzito na sauti kubwa zaidi. Santuri ya kwanza ya aina hiyo kuuzwa madukani ilikuwa "Ten Percent" ya Double Exposure, mwaka 1976, iliyotengenezwa upya na Walter Gibbons na kufika zaidi ya dakika tisa. Mwaka uliofuata Frankie Knuckles akaanza kupiga muziki katika klabu ya Warehouse mjini Chicago, akiwakatia wachezaji wake nyimbo za disko kwa mashine ya utepe na kuzirefusha pale walipopenda, na inasemekana kuwa ni jina la klabu hiyo lililofupishwa likawa jina la muziki wa hausi. Kwa hiyo desturi anayoipenda mjukuu wako imeshafika nusu karne. Ilikuwa na nguvu zake kabla ya baba yake kuzaliwa, tukikadiria.

Tuje sasa kwenye nusu ya kesi uliyoshinda wewe, ambayo kwa rai yangu ndiyo yenye uzito. Uchache wa maneno si kosa peke yake. Mwaka 1998 Wafaransa watatu waliojiita Stardust walichukua kipande kifupi cha gitaa kutoka wimbo wa Chaka Khan wa 1981, kipande ambacho katika wimbo wenyewe hupita mwanzoni bila ya mtu kukizingatia, wakakizungusha kwa dakika nzima na dakika nyengine juu yake, na hakuna hata mstari mmoja wa Chaka Khan uliobaki. Ni kazi safi. Eric Prydz wa Sweden naye mwaka 2004 aliubakisha wimbo wa Steve Winwood wa 1982 katika mistari isiyozidi vidole vya mkono. Winwood alipousikia alipendezwa kiasi cha kuingia studio na kuiimba upya sehemu hiyo. Hawa walitafuta ndani ya wimbo kitu kilichokuwa kimejificha, wakaondoa vyengine vyote mpaka kikaonekana. Mpiga rimiksi mzuri ni mpunguzaji.

Kinachokuudhi wewe, nadhani, ni ile aina ya pili, ambayo haipunguzi kitu wala haigundui kitu, bali inauchukua wimbo ulivyo na kuulundikia ngoma nzito juu, kama mtu anayekupikia pilau yako mwenyewe kisha akaizidisha binzari. Katika mwaka 2021 "Rasputin" ya Boney M., ya mwaka 1978, ilirejea tena kwa mkono wa DJ wa Uingereza anayeitwa Majestic, ikachezwa dunia nzima. Mimi niliisikiliza kwa makini nikitafuta alichoona yeye ambacho Farian hakukiona, na sikukipata. Wimbo ule ulikuwa ukichezeka tangu mwanzo. Kwa huo, mwambie mjukuu, kesi inarudi kwako.

Habari za kazi. Mimi ni DJ kijana, hupiga muziki katika hoteli ya ufukweni huku Paje. Nimejaribu kuuweka wimbo wa zamani juu ya biti ya hausi yenye mapigo 124 kwa dakika. Mwanzo vinakwenda pamoja, lakini ukifika ubeti wa pili vinaachana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja bila ya kupokezana. Isitoshe, muimbaji anasikika kama katuni. Nakosea wapi?

Hukosei peke yako, kijana wetu, na makosa yako yote mawili yana sababu zinazohesabika.

La kwanza linatokana na ukweli kwamba nyimbo nyingi za miaka ya sitini na sabini zilipigwa na mtu mwenye vijiti mkononi, si na mashine. Mpiga ngoma hodari huharakisha kidogo kiitikio kinapokaribia na hulegea kidogo kinapomalizika, na msikilizaji huona raha bila ya kujua inatoka wapi. Kompyuta haifanyi hivyo. Ukiiambia programu yako kwamba wimbo una mapigo 118, itaamini kuwa ni 118 mwanzo hadi mwisho, na ndiyo sababu vikaachana. Usiitegemee ikisie peke yake. Keti na wimbo huo, sikiliza kila kundi la mapigo manne, na uweke alama kwa mkono pale pigo la kwanza linapoangukia. Wimbo wa dakika nne una makundi zaidi ya mia. Ni kazi ya jioni nzima na haina njia ya mkato inayoaminika. Ukimaliza, programu itaweza kuvuta na kubana kila kundi kwa kiasi chake.

La pili ni suala la umbali. Kutoka mapigo 118 kwenda 124 ni nyongeza ya asilimia 5 tu, na sikio halilalamiki sana. Lakini zipo nyimbo za pop za zamani zenye mapigo karibu na 96, na kutoka hapo kwenda 124 ni asilimia 29. Ukiziharakisha kama santuri inavyoharakishwa, sauti hupanda kwa zaidi ya nusu-sauti nne (nusu-sauti ni hatua ndogo kabisa ya kinanda), na mtu mzima huwa mtoto. Ukiiamuru programu iharakishe bila ya kupandisha sauti, katuni itaondoka lakini irabu za muimbaji zitakatika na kutetemeka, kwani programu inalazimika kutupa vipande vya sauti ili wimbo uingie katika muda mfupi. Ushauri wangu ni kuuacha wimbo uchague mtindo, badala ya mtindo kuulazimisha wimbo. Huo wa 96 ujaribu kwenye amapiano, ambayo huzunguka karibu na 112, nawe utakuwa umeongeza asilimia 17. Na ukipata wimbo wa taratibu wenye mapigo 62, basi umeshapata bahati yako, kwa sababu 62 mara mbili ni 124, na muimbaji ataimba polepole kabisa huku ngoma zikikimbia chini yake.

Kuna la tatu hukuliuliza, lakini kwa kuwa unapiga nje kwenye upepo wa bahari nitalisema. Wimbo wa zamani una besi yake na ngoma yake kubwa, na biti yako inazo za kwake. Zikipigwa pamoja kwenye spika moja hugombana, na ugomvi huo ndio ule mngurumo unaosikika mbali bila ya kueleweka. Siku hizi zipo programu zinazotenganisha sauti ya muimbaji na vyombo vyake. Mojawapo, Spleeter, ilitolewa bure mwaka 2019 na kampuni ya Ufaransa ya Deezer. Hazitenganishi kikamilifu, huacha sauti kama ya mtu anayeimba ndani ya maji, lakini ukikata sauti zote za chini kwenye wimbo wa zamani na kuiachia biti yako nafasi hiyo, wachezaji wengi hawatagundua. Halafu usisahau kuacha utangulizi wa ngoma tupu. Makundi 16 ya mapigo manne, kwa mwendo wa 124, ni sekunde 31, na DJ mwenzako atakayepokea wimbo wako atazihitaji zote.

Sisi tuliojifunza kwa deki mbili za kaseti na kitufe cha kusitisha hatukuwa na lolote kati ya haya. Niliwahi kurefusha wimbo mmoja wa disko kwa ajili ya harusi ya jamaa pale Kikwajuni, nikakata na kuunganisha mara ishirini na kitu, na usiku wa harusi nikagundua mbele ya watu kwamba katika kukata kwangu nilikuwa nimekiondoa kiitikio. Wanawake walisubiri, wakasubiri, kisha wakakaa chini. Tafuta kwanza mahali ambapo watu watataka kuimba, ndipo uanze kukata.

Naandika kutoka Wete. Mama yangu aliimba taarab na kikundi cha mtaani katika miaka ya themanini, na tunayo kaseti moja iliyosalia. Binamu yangu aliyeko Mjini aliiomba kaseti hiyo "aihifadhi," kumbe akaitia ngoma za amapiano na kuiweka mtandaoni kwa jina lake mwenyewe. Inachezwa hadi kwenye maharusi. Mama hucheka tu na kusema ni mtoto wetu, lakini mimi sikufurahi. Je, sheria inasemaje, na nifanye nini bila ya kuuvunja ukoo?

Dada yetu, una haki ya kutofurahi, na kisa cha mama yako kinafanana mno na kisa kilichotikisa Ulaya mwaka 1989. Mwaka huo kundi la Italia liitwalo Black Box lilitoa wimbo "Ride on Time", uliokaa nambari moja Uingereza kwa wiki sita. Katika video alionekana mwanamitindo akifungua mdomo. Sauti yenyewe ilikuwa ya Mmarekani Loleatta Holloway, iliyokatwa kutoka wimbo wake wa 1980 bila ya idhini na bila ya jina lake kutajwa popote. Holloway hakunyamaza, alidai kisheria akalipwa, na wenye wimbo wakalazimika kumleta muimbaji mwengine arekodi sauti upya. Mwanamuziki wa Cameroon, Manu Dibango, naye alipigania kwa miaka mingi maneno na mapigo ya wimbo wake wa 1972, yaliyotumiwa na Michael Jackson na baadaye, mwaka 2007, na Rihanna. Hadi mwaka 2009 alikuwa bado mahakamani.

Kisheria, katika kanda moja mna haki zaidi ya moja, na watu huzichanganya. Ipo haki ya wimbo wenyewe, yaani shairi na muziki wake, na ipo haki ya rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa siku ile. Anayeuimba wimbo upya kwa kinywa chake huhitaji ridhaa ya watunzi, lakini anayeikata sauti iliyonaswa huhitaji ridhaa ya pande zote mbili. Binamu yako yuko katika kundi hili la pili. Kwenye taarab, kama mama yako anavyojua vyema kuliko mimi, mara nyingi aliyetunga shairi si aliyetia muziki, na aliyetia muziki si aliyeimba. Kwa hiyo kabla ya kumwendea binamu, muulize mama: shairi ni la nani, nani aliutia muziki, na wako hai au wameacha warithi? Inawezekana anayedai zaidi si mama yako bali mzee mwengine wa kikundi ambaye hata habari hana. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki, ya mwaka 2003, mbali na ile ya Bara, na chombo chake cha kusimamia haki hizo ni COSOZA. Kazi ikisajiliwa huko, mazungumzo yote yanayofuata huwa mepesi.

Ama ukoo, mimi ningeanza na mambo mawili madogo: kaseti irudi Wete, na jina la mama liandikwe mbele ya jina la binamu. Tena usingoje aibu ipoe. Kubadilisha jina katika mitandao ni kazi ya dakika chache, na akikataa jambo jepesi kama hilo ndipo utajua kama unazungumza na mtoto wenu au na mfanyabiashara.

Niongeze neno la muziki, ambalo binamu huenda akalisikia zaidi kuliko la sheria. Baadhi ya nyimbo za taarab asilia hupita katika makamu, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, yenye robo sauti, kama rasti na bayati, ambazo fidla na udi huzifikia kwa kuteleza kwa kidole. Kinanda cha kompyuta hakina vidole vya kuteleza. Akiweka juu ya wimbo wa mama nyuzi za kinanda zilizopangwa kwa nusu-sauti za kawaida, kuna sauti moja au mbili katika kila mstari zitakazopishana kidogo sana, na msikilizaji atadhani mama ndiye aliyetoka nje ya muziki. Kama ni lazima aguse, basi aguse kwa ngoma na besi tu. Wenzake wa Dar es Salaam waliozindua singeli walianza kwa kuvichukua vipande vya taarab na kuviharakisha hadi mapigo 200 na zaidi kwa dakika, na katika fujo lote lile fidla ikabaki na utamu wake.

Mhariri, barazani kwetu Kikwajuni tumebishana na tumekubaliana wewe uwe hakimu. Mmoja anasema Freddie Mercury alipata nambari moja Uingereza kwa wimbo wake wa klabu alipokuwa peke yake bila ya Queen. Mwengine anasema haiwezekani, kwani alikuwa ameshafariki. Kahawa ya wiki nzima inategemea jibu lako.

Wote wawili wamesema kweli. Mtoto huyo wa Mji Mkongwe, aliyezaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, alitoa wimbo "Living on My Own" mwaka 1985 katika albamu yake binafsi, na wakati huo haukufika mbali. Alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Wabelgiji waliojiita No More Brothers wakauchukua, wakaitupa sehemu kubwa ya vyombo vyake, wakaibakisha sauti yake hata pale anapocheza na silabi zisizo na maana, na mwezi Agosti 1993 ukawa nambari moja Uingereza. Kila mmoja ajinunulie kahawa yake.

Mimi ni mwanafunzi wa skuli ya sekondari, Chake Chake. Kwa nini nyimbo zinazofufuliwa sasa ni zile za miaka ya tisini na mwanzo wa elfu mbili? Watunzi wa leo wameishiwa?

Hawakuishiwa, mwanangu, ingawa wapo wavivu. Sababu moja ni umri: waliokuwa wakicheza katika miaka ya tisini ndio leo wenye fedha za kununua tiketi, na watoto wao, yaani wewe, mlizisikia nyimbo hizo jikoni kabla ya kujua kusoma. David Guetta na Bebe Rexha walipouchukua mwaka 2022 wimbo wa Waitaliano Eiffel 65 wa 1998, walikuwa na wasikilizaji wa rika mbili kwa wimbo mmoja. Sababu ya pili ni simu. Video fupi humpa wimbo sekunde chache za kujitambulisha, na wimbo unaofahamika tayari hauhitaji hata hizo.

Lakini usidhani kwamba kila anayerudi nyuma anarudia tu. Rimiksi ya kundi la Australia, Pnau, kwa ajili ya Elton John na Dua Lipa, mwaka 2021, ilishona vipande vya nyimbo nne za Elton John za miaka tofauti, na asiyezijua hasikii mshono. Zaidi ya hapo, kuna nyimbo ambazo toleo lililopigwa upya ndilo lililobaki. "Show Me Love" ya Robin S. ya mwaka 1990 haikushika. StoneBridge wa Sweden akaitengeneza upya mwaka 1992, akaiwekea besi ya kinanda cha Korg M1, na besi hiyo imeigwa tangu wakati huo mpaka leo.

Ukitaka kujua kama wimbo umepewa au umenyang'anywa, chukua "Fast Car" ya Tracy Chapman, ya 1988, na ile ya Jonas Blue, ya 2015. Ya kwanza ni kisa cha msichana maskini aliyeacha skuli kumhudumia baba mlevi. Ya pili ni wimbo wa ufukweni, na maneno yake yametoka kule kule. Zisikilize zote mbili kwa kufuatana, uanze na ya zamani, kisha utuandikie.